Sikukosea Kuacha Chaki

Sharifa mwanangu,

Maagizo umeshapewa. Nilikuwa jikoni nikimsikia mama yako mkubwa Hadija akikutajia moja baada ya jingine: blanketi la baridi ya Mbeya, dawa za malaria, chakula cha njiani, na kwamba usipange chumba kwenye nyumba ya mwanamume anayeishi peke yake. Hakuacha kitu, nami sina la kuongeza. Kesho unapanda basi la Songea, kisha unaunga hadi Katavi ulikopangiwa shule. Kabla hujaondoka nataka kuyajibu maneno yaliyosemwa Jumapili kwenye dua ya kukuaga. Siku ile nilinyamaza kwa sababu wageni walikuwa wanakula, nikaona si vizuri kuwaharibia pilau.

Dada yangu alisimama akasema, "Tumshukuru Mungu, chaki imerudi katika nyumba hii. Alichokivunja mdogo wangu, mwanawe anakwenda kukitengeneza." Watu wakaitikia amina. Halafu ukasimama wewe, na kilemba chako kipya, ukasema, "Mama yangu alijinyima. Aliitwa kazi kubwa Dar es Salaam akaikataa kwa ajili yangu. Nitamlipa." Wanawake wakafuta machozi, na mmoja akaja kunishika bega kana kwamba nimefiwa.

Ulisema kwa moyo mzuri, najua. Lakini sikuvunja kitu, na sikujinyima kitu. Sitaki ufike Katavi na mizigo miwili ambayo si yako.

Nianze na chaki.

Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa mkulima wa korosho Lupaso, na mimi ndiye mtoto wake wa kwanza kumaliza kidato cha nne. Chuo cha ualimu alikichagua yeye. Sikuulizwa, na wakati ule sikujua kama mtu anaweza kuulizwa. Nikasoma, nikapangiwa shule ya msingi huko juu Newala, jengo lililokuwa jirani kabisa na barabara. Nikaolewa na mwalimu mwenzangu, nikakuzaa wewe. Ukitutazama kwa nje tulikuwa watu waliofanikiwa. Wazee walinisalimu kwa kuniita Mwalimu hata sokoni, na babu yako akifika Masasi kuuza korosho zake hakosi kumwambia mtu kwamba ana binti serikalini.

Wewe unapenda kufundisha. Nimekuona barazani na watoto wa jirani, unavyochuchumaa kuwa sawa na macho yao. Mimi sikuwa hivyo. Sikuwa mwalimu mbaya wa kupiga wala wa kutoroka kazini. Nilikuwa mwalimu asiyekuwepo. Lori likipandisha nje, sikio langu lilitoka dirishani. Nilikuwa namsikia dereva anavyobadilisha gia, nikijua huyu kawahi, huyu kachelewa, huyu atazimikiwa kabla ya kona. Siku moja mtoto wa darasa la tatu akaniuliza, "Mwalimu, mbona sentensi haijaisha?" Nilikuwa nimesimama na chaki ubaoni, neno nimeliacha katikati. Darasa zima lilikuwa linanitazama, nami sikukumbuka nilitaka kuandika nini.

Hilo ndilo kosa langu, Sharifa, kama unatafuta kosa. Nilikaa pale miaka ambayo sikupaswa kukaa. Wapo watoto walionipata mimi wakati wangeweza kumpata mtu kama wewe. Hadija hulia kwamba niliacha mapema. Mimi nasikitika kwamba nilichelewa.

Mabasi yalikuwa machache, kwa hiyo mwisho wa mwezi nilikuwa nateremka Masasi kwa lori la mzee mmoja wa Chiungutwa, Mzee Bakari. Alikuwa anabeba korosho wakati wa msimu, na mahindi, simenti au watu wakati mwingine. Alinizoea kwa shikamoo na marahaba tu, hatukuwa na mazungumzo marefu. Siku moja akasema, huku macho yake yakiwa barabarani, "Mwalimu, kila safari unatazama miguu yangu. Unatafuta nini huko chini?"

"Natafuta kujua mguu wa kushoto unafanya kazi gani," nikamwambia.

Alicheka mpaka akapunguza mwendo. Tulipomaliza mteremko na kufika barabara iliyonyooka karibu na Chiungutwa, alisimamisha lori akateremka, akaja upande wangu, akafungua mlango. "Haya, sogea huko." Alinifundisha hivyo, mwisho wa mwezi hadi mwisho wa mwezi mwingine. Nilikuwa nakamata usukani kwa nguvu mpaka vidole vinakufa ganzi, naye ananiambia, "Usiukabe, haujakukosea kitu." Nilipokwenda kufanya mtihani wa leseni, askari aliniuliza nimekuja kumchukulia nani. Nikamwambia nimejichukulia mwenyewe. Nikafaulu, nikaiweka leseni kwenye mkoba, nikarudi ubaoni.

Kisha mambo mawili yakaja kwa mpigo. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akaniambia amelipeleka jina langu ili niwe msaidizi wake. "Mimi nastaafu karibuni," akasema. "Ukijituliza, kiti hiki ni chako." Na Mzee Bakari akaniambia macho yanamwacha. Usiku alikuwa haoni tena kingo za barabara. Watoto wake wote walikuwa Dar es Salaam na hakuna aliyetaka vumbi la huku. Lori lingekaa tu, na msimu wa korosho ulikuwa unafunguliwa.

Watu husema mzee yule alinirubuni. Hakuniomba hata kidogo. Mimi ndiye niliyesema, "Nipe mimi." Akauliza, "Na shule?" Nikamwambia shule nitaiacha. Akasema, "Mimi sijasikia. Kalale, uniambie tena kesho." Kesho yake nikamwambia tena.

Niliandika barua ya kuacha kazi, nikaipeleka mwenyewe. Mwalimu mkuu aliisoma akaiweka mezani, akauliza kama nimepata matatizo nyumbani. Alikuwa mtu mwema. Alidhani hakuna mtu mzima mwenye akili zake anayeweza kuandika maneno yale bila kuwa na shida.

Ya babu yako yalikuwa magumu zaidi. Nilikwenda Lupaso nimwambie kabla hajasikia kwa watu. Nilimkuta shambani anafagia chini ya mikorosho. Nilipomaliza kusema, aliegemea fagio lake.

"Mimi nimebeba magunia ya korosho mgongoni," akasema, "ili wewe usije ukabeba korosho."

"Sibebi, baba. Naendesha."

Hakunitukana. Alirudi kufagia. Chakula cha mchana kilipoandaliwa alikula peke yake nyuma ya nyumba, na mimi nikala na mama yangu.

Baba yako naye nilimweleza jioni, wewe ukiwa umelala mgongoni kwangu. Alisema, "Mimi nilioa mwalimu." Nikamjibu, "Ulinioa mimi." Tulirudia maneno hayohayo kwa wiki nyingi, kila mmoja na lake, mpaka akaomba uhamisho wa kwenda Tunduru, na mwishowe talaka ikaja, nikahamia Masasi pamoja nawe. Hadija husema lori liliivunja ndoa yangu. Tulikuwa watu wawili tuliokuwa tukila kimya muda mrefu kabla ya lori. Lori lilinipa tu pa kwenda. Baba yako si mtu mbaya, nawe unampenda, na Jumapili nilifurahi alipokuja. Lakini usiseme aliachwa kwa ajili ya injini.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata Hadija halijui vizuri.

Unakumbuka nilipovunjika mkono, ulikuwa mdogo, hujaanza shule. Nilikuwa nateremka mlima wa Newala na mzigo kamili, mvua imenyesha, barabara bado ya udongo. Utingo wangu alikuwa Ausi, yule ambaye sasa ana duka la vipuri pale stendi. Katikati ya mteremko breki zikalegea. Nakanyaga, mguu unazama kama kwenye matope. Nikashusha gia, injini ikalia, lori likapungua kidogo halafu likaanza kukimbia tena. Mbele kulikuwa na kona, na ng'ambo ya kona hakuna kitu, unaona miti ya bondeni kwa chini sana. Nikamwambia Ausi ashike sana, nikaligeuzia lori ukingo wa mlima. Tukaburuza ukuta wa udongo, kisha likalala ubavu. Magunia yalipasuka, korosho zikateremka na maji ya mvua.

Dereva mmoja aliyekuwa anapanda alisimama. Alichungulia kupitia dirisha lake, akatuona tumekaa kwenye matope, mimi na mkono wangu, Ausi na bega lake. Akasema, "Nilijua tu." Akaondoa gari. Hakuuliza kama tuko wazima.

Mzee Bakari aliletwa siku ya pili yake. Macho yalikuwa yamekwisha karibu yote, kwa hiyo alilikagua lori kwa mikono, akazunguka taratibu, akagusa bati lililokunjamana. Akaniuliza, "Uliuchagua ukingo mwenyewe, au ulikuvuta?"

"Niliuchagua."

"Ningeuchagua huohuo," akasema.

Lori lilikaa gereji kwa muda mrefu, na mkono wangu kwenye bandeji. Tulikula ugali wa muhogo na ming'oko, ile mizizi ya porini, wewe ulidhani ni raha kwa sababu unapenda ming'oko. Watu walikuja kunipa pole, na kila pole ilikuwa na swali nyuma yake: sasa utarudi shule? Mwishowe niliona hata mimi najiuliza. Nikavaa lile gauni langu la kazini, ambalo mkono mmoja haukupita vizuri, nikaenda kwenye ofisi ya elimu kuomba nirudishwe.

Nilikaa kwenye benchi asubuhi nzima. Ofisa aliyenipokea alikuwa kijana mstaarabu, alinisalimu shikamoo. Alinisikiliza, akasema si jambo rahisi ila si jambo lisilowezekana, na yeye atanisaidia. Akanipa karatasi na kalamu. "Andika, mama, kwamba uliacha kazi kwa kukosea, na kwamba umejutia."

Nikaandika anwani. Nikaandika yah. Nikaandika kwamba mimi niliyekuwa mwalimu wa shule fulani naomba kurejeshwa kazini, kwani niliacha kwa. Kalamu ikasimama hapo, kama chaki ilivyosimama siku ile ubaoni, isipokuwa safari hii nilijua vizuri kabisa neno linalofuata ni lipi.

Nikamwuliza, "Naweza kuandika tu kwamba nina shida?"

"Shida kila mtu anayo. Andika ulikosea. Ni maneno tu, mama."

"Sikukosea."

Akanitazama kwa mshangao, bila hasira. "Kama hukukosea, umefuata nini hapa?"

Lilikuwa swali la haki. Nilimrudishia kalamu yake, nikamshukuru, na nilimshukuru kwa dhati. Nikatembea kwa miguu kurudi nyumbani, jua kali, yale mawe makubwa ya mlima wa Mtandi yanawaka juu ya mji. Nilikuwa na njaa, sina kazi, mkono unauma, na mtoto wangu yuko kwa jirani. Nakuapia, Sharifa, nilitembea wima. Ningeweza kurudi darasani nikafundisha tena. Kazi ni kazi, na ualimu si adhabu. Lakini kurudi kwa kusema kwamba siku bora niliyowahi kujichagulia mwenyewe ilikuwa kosa, hapana. Wangenipa mshahara, na kila mwisho wa mwezi ningekuwa nalipwa kwa uongo ule.

Ndiyo maana juzi nilipokusikia kwenye simu ukimwambia mwenzako wa Katavi kwamba mama yako ni mwalimu mstaafu, nilitoka nje. Sijastaafu. Na siku nitakayostaafu nitastaafu udereva. Sikugombezi kwa hilo, najua unaingia mahali pa watu wageni na unataka wakuheshimu. Nakuomba tu usinifiche. Nimekaa kwenye usukani ule muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa mbele ya ubao, na hakuna safari hata moja niliyojificha.

Lori lilipona. Mzee Bakari alipofariki wanawe waliniuzia mimi, ingawa walikuwepo wanaume waliolitaka. Babu yako hakubadilika. Hadija hupenda kusimulia kwamba kabla ya kufa alinibariki, lakini mimi ndiye niliyekuwepo na hakunibariki. Aliniuliza kama mikorosho imepuliziwa dawa, nikamwambia imepuliziwa, akalala. Alikufa hajakanyaga ngazi ya lori langu. Siku ya maziko ndilo lililobeba watu kutoka makaburini. Niliendesha mwenyewe, taratibu, nikilia, na sikumkasirikia. Alikuwa na haki ya kutonikubali. Mimi pia nilikuwa na haki ya kutongoja anikubali.

Sasa hiyo kazi ya Dar es Salaam.

Ni kweli niliitwa. Kulikuwa na tajiri mmoja wa malori ya masafa, yale yanayokwenda Tunduma na kuvuka hadi Zambia na Kongo, alikuwa anatafuta madereva wanawake. Ausi ndiye aliyesikia akanipa habari. Ulikuwa darasa la tano. Nilikuacha kwa Hadija, nikaenda, wakanipa lori refu nilizungushe uwanjani, nikalirudisha nyuma kwenye nafasi nyembamba mpaka walinzi wakapiga makofi. Yule tajiri akasema, "Jumatatu uanze."

Jumatatu nilikuwa Masasi. Wewe ulinikumbatia mlangoni, na Hadija akasema, kwa sauti ya kusikika na majirani, "Ameshindwa kumwacha mtoto." Nikaliacha neno hilo likae, kwa sababu lilikuwa linanipa sifa. Kila mwaka limekua, mpaka Jumapili umelisema mbele ya watu na machozi juu.

Haikuwa hivyo. Hadija angekulea vizuri, na ningeweza kukuleta Dar ukasoma shule nzuri zaidi. Nilikaa pale uwanjani nikiyatazama yale malori yamepangwa, meupe, yanafanana, kila moja na karatasi yake inayosema litoke saa ngapi na lifike lini. Nikamwuliza yule tajiri kama dereva anaweza kuchagua njia. Akacheka. Na mimi nikajua kwamba nimeshatoka kwenye shule moja, sitaki kuingia nyingine. Nilitaka mlima wangu. Nilitaka kupandisha Newala asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, wakati mabibo ya mikorosho yananuka kando ya barabara, nikijua kila kona na kila mama anayeuza muhogo. Niliitaka hivyo kwa nafsi yangu. Wewe hukuhusika.

Je, huwa naiwaza ile njia nyingine? Naiwaza. Tangu lami ifike, malori makubwa yanapita hapa Masasi kwenda Songea, nikiyaona nasimama. Ningeliona Ziwa Tanganyika, pengine. Ningekuwa na mgongo mzima kidogo, maana viti vya kule ni vya raha. Pengine ningekuwa na nyumba ya maana. Kuna siku nawaza mpaka chai inapoa. Lakini nikimaliza kuwaza sioni mahali nilipoibiwa. Usifikirie kwamba kuna maisha yangu makubwa yaliyokaa mahali yananisubiri kwa sababu wewe ulizaliwa. Hayapo. Huna deni la kunilipa, na ukijaribu kulilipa utaharibu kazi yako, kwa sababu utakuwa unafundisha watoto wa watu huku unanitazama mimi.

Umeichagua chaki, sawa. Nimefurahi, na sifurahi kwa sababu imerudi nyumbani. Nafurahi kwa sababu nimekuona ukishika kitabu na najua mtu anayefanya kazi yake anavyoonekana. Kafundishe. Ikiwa baada ya muda utajikuta umesimama na sentensi haijaisha, usingoje kama nilivyongoja mimi. Na ikiwa utazeeka darasani ukiwa na furaha, nitakuja huko kukutembelea na nitakaa dawati la nyuma nikusikilize.

La mwisho ni la kesho. Mama mkubwa anataka niahirishe mzigo ili nije stendi. Nimekataa, na nimeona umeninunia wakati wa chakula. Ngoja nikueleze. Siku naondoka kwenda chuo, babu yako alikuja na nusu ya Lupaso kunisindikiza. Alisimama kando ya barabara na kofia yake mkononi, na gari lilipoondoka hakupunga mkono, alitazama tu. Yale macho nilikwenda nayo chuoni, nikaenda nayo Newala, nikasimama nayo mbele ya ubao miaka yote ile. Kila nilipotaka kuondoka niliyaona. Hakukusudia kunifunga, alikuwa ananipenda. Lakini yalinifunga.

Kwa hiyo tutakunywa chai hapa nyumbani, nitakuombea dua, nitakukumbatia mpaka uchoke. Halafu wewe utakwenda stendi na mama yako mkubwa, na mimi nitawasha lori, maana kuna magunia yananingoja ghalani Newala. Basi lako linaelekea magharibi, mimi naelekea mashariki. Ukigeuka nyuma hutaniona, nitakuwa nimeshaanza mlima.

Mimi mama yako,
Zainabu, dereva